Hakuna Anayekohoa

Mama Buti alizamisha buti la mpira kwenye beseni la dawa. Maji yalipoingia, hewa ilitoka kwa sauti: kho, kho. Akaliinamisha upesi, akageuka kutazama kama kuna aliyesikia.

Hakuna. Wageni walikuwa wakijaribu barakoa na fimbo za kupandia mlima, wakipigana picha. Leo wangeingia msituni kuwaona sokwe.

"Mama Buti, hili buti au mtumbwi?" kiongozi wa wageni alimtania. "Mpe mwenyewe na kasia!"

Siku nyingine angemjibu. Leo alitabasamu kwa midomo tu.

Sokwe huambukizwa mafua na watu. Kwa hiyo hifadhi ilikuwa na sheria: mfanyakazi ambaye nyumbani kwake kuna anayekohoa hukaa kwake bila malipo, na muuguzi wa zahanati ameagizwa kutoa taarifa. Ndiyo maana hakumpeleka zahanati kitinda mimba wake. Alimnywesha maji ya moto na asali, na usiku akamfunika blanketi mbili, majirani wasisikie.

"Wifi, mtoto anakwisha huyu," dada wa mumewe alimwambia juzi. "Mpeleke."

"Nikimpeleka, hao wengine watakula nini? Ngoja tufike mwisho wa mwezi."

Msimamizi alikuja na kipimajoto, akamwelekezea kwenye paji la uso.

"Nyumbani kuna anayekohoa?"

Tangu mvua zianze, alikuwa akilijibu swali hilo huku akitazama chini. Leo alimtazama usoni.

"Hakuna, bosi."

Ilikuwa kweli. Mtoto alinyamaza alfajiri, mikononi mwa shangazi yake. Sasa amelazwa chumbani, amefunikwa shuka mpaka usoni, mlango umefungwa, wifi yuko naye. Mama asingefika kazini, angetumwa mtu kuchungulia, na waliobainika kuficha mgonjwa hawakurudishwa tena kazini.

Redio ya msimamizi ilikwaruza. Mfuatiliaji wa sokwe alisema kutoka msituni kwamba sokwe mchanga anakohoa.

"Umemsikia mwenyewe?"

"Mara mbili, mkuu."

"Msimsogelee. Namtafuta daktari sasa hivi, aje kwa helikopta."

Kiongozi aliwatafsiria wageni; mmoja wao alishika kifua, akasema jambo kwa sauti ya kulia.

"Anauliza kama mtoto atapona," kiongozi alitafsiri.

"Mwambie asiwe na wasiwasi," msimamizi alisema. "Hapa hatufanyi mchezo na uhai."

Mama Buti alifuta mikono kwenye kanga.

"Bosi, naomba ruhusa mchana."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Basi usichelewe kurudi. Daktari naye atahitaji buti safi."

Aliondoka akizungumza kwenye redio. Mama Buti akachukua buti jingine, akalizamisha.

Kho, kho.

Safari hii hakuliinamisha. Aliliacha likohoe mpaka likajaa.