Kipimo cha Mtu Aliyekaa

Mimi si mtu wa kulialia, waulize steji nzima ya Makupa. Nimeanguka na pikipiki mara tatu, na mara zote tatu niliinuka nikamtukana mwenye lori kabla sijajipangusa vumbi. Lakini buti alizoninunulia dada yangu Maisara zilinitoa machozi wiki tatu, na kila aliponiuliza nilimwambia zimenikaa sawasawa. Haya, nicheke. Nimeshajicheka mwenyewe.

Kisa kilianza na vidole vya Mung'aro, mwenzangu wa steji, tunayebeba naye mizigo kutoka maghala ya Shimanzi. Siku moja trela ilimbana kando ya barabara, akateremsha mguu asianguke, na mguuni alikuwa na ndara kama sisi sote. Vidole viwili vilikwenda. Nikarudi nyumbani Mji wa Kale na, mpumbavu mimi, nikayaeleza yote mbele ya mamangu na Maisara wakila. Maisara akaisukuma sahani yake.

"Hupandi tena pikipiki na ndara," alisema.

Akanikalisha kwenye kigoda, akatandika karatasi ya kaki chini ya mguu wangu, akazungusha kalamu, kisha akaenda na karatasi ile duka la buti.

Hapa lazima niseme sisi ni nani. Babetu, marehemu fundi Jamaldin, alishona makubadhi miaka arubaini katika kijiduka kilicho chini ya nyumba tunayokaa, na mtaani kwetu hapana mguu wa mtu mzima ambao hakuupima. Mimi ufundi ule ulinishinda. Ngozi hainipendi nami siipendi. Aliyeurithi ni Maisara. Alikaa pale na msharasi wake akitoboa na kushona, na wazee wakimwita fundi bila kumtania. Sasa kubadhi hupimwa mteja amekaa, mguu umetulia juu ya karatasi, bila nafasi ya ziada, kwa kuwa kubadhi ni wazi na mguu ukivimba una pa kwendea.

Buti si kubadhi. Mung'aro alikuja kunieleza baadaye, naye ndiye mwenye haki ya kusema: buti ya pikipiki hupimwa jioni, mguu umeshavimba kwa joto, soksi nzito imo, na mtu amesimama, uzito wake wote uko chini. Kifundo kifunikwe, mbele pawe pagumu, soli ishike, na pasiwe na kamba ya kuning'inia ikaja kunaswa na gia. Maisara vyote hivyo alivichagua vizuri, zipu ubavuni na kifuniko juu yake. Ni namba tu. Muuza duka alimwambia aongeze moja, naye akamjibu kwamba binti Jamaldin haambiwi kipimo cha mguu wa ndugu yake.

Siku ya kwanza nilizivaa asubuhi, mguu baridi, na hata hivyo ziliingia kwa kusukumana. Maisara alipiga magoti akanivutia zipu, uso umemchangamka vile nisivyomuona tangu babetu azikwe.

"Zakubana?"

"Hata," nikasema. Ulimi huu.

Basi nikaingia jela kwa miguu yangu mwenyewe. Gia ya pikipiki hupandishwa kwa vidole vya mguu wa kushoto, na kutoka Makupa hadi Shimanzi, katika foleni ya malori, unaipandisha na kuishusha hadi uchoke kuhesabu. Kila gia, sindano. Nilijaribu kuzivua nikishapinda kona, lakini mchana mguu ukivimba hazirudi tena, na mtaani kwetu hapana kona isiyo na jicho. Jirani angemfikia Maisara kabla yangu. Kwa hiyo nilizivaa alfajiri na kuzivua magharibi. Ukucha wa dole gumba ukageuka mweusi. Adhabu ya kaburi aijua maiti, mamangu hupenda kusema, akisemea mambo mengine kabisa.

Unaniuliza, si ungemwambia tu? Kilichonifunga mdomo ni harusi. Babetu alipofariki, Ami Fuad, nduguye, ndiye aliyetulea, na nyumba tunayokaa ni yake. Ami akaleta mposaji, mwenye duka la vipuri Shimanzi, mtu wa swala tano, hana ubaya wowote. Ila alikwisha kusema kwamba mkewe hatakaa dukani kutoboa ngozi mbele ya wapita njia. Kijiduka kifungwe. Ami alimwuliza Maisara sebuleni, mbele ya mashangazi na majirani, na Maisara akasema sawa. Kwetu sote husema sawa. Mimi nikajitia kuamini kwamba ametaka. Na nikajiambia, mguu wangu ndio kipimo chake cha mwisho, nitamwambiaje kwamba amekosea?

Siku ya harusi palikuwa na joto la kupasua mawe. Asubuhi nilitumwa Shimanzi kuchukua viti, na Maisara alikuwa amekaa dirishani, kwa hiyo nikavaa buti. Niliporudi alasiri imeshaadhiniwa. Buti ya kulia niliivuta ikatoka. Ya kushoto zipu ilikwama katikati na haikwenda juu wala chini. Huku Ami ananiita, maana wali wa Maisara, mwenye kumwoza, ni mimi. Babu hayupo, baba hayupo, sharia inanitaja mimi kabla ya Ami, na bila mimi hapana ndoa. Nikairudisha ile ya kulia kwa kuilazimisha, nisionekane mwendawazimu wa mguu mmoja, nikavaa kanzu juu yake na kupanda ngazi.

Kabla ya kwenda msikitini, wali huenda na mashahidi wawili kumwomba bibi harusi idhini. Maisara alikuwa chumba cha juu, amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake, hina hadi viwikoni. Chumbani haingiwi na viatu, kwa hiyo nilisimama kizingitini. Nyuma yangu, kwenye ngazi isiyopitisha watu wawili, Ami na mashahidi walinisonga. Mbele yangu macho yote ya wanawake. Sikuwa na pa kusogea.

"Maisara binti Jamaldin," nikasema, "waniruhusu nikuoze?"

Hakunitazama usoni. Alitazama ncha za buti zilizochungulia chini ya kanzu.

"Kwanza niambie, kaka. Buti zakubana?"

Mmoja wa mashangazi akacheka. Ami akakohoa nyuma yangu. Dole lilikuwa likipiga kama moyo, na jasho lilinitiririka mgongoni.

"Hazinibani," nikasema. "Zimenikaa."

Akazitazama kitambo. Kisha akainamisha kichwa.

"Basi na mimi nimekuruhusu."

Vigelegele vikapigwa. Tukateremka, tukashika njia ya msikitini, mimi nikitembea kama bata. Mlangoni wenzangu walivua makubadhi yao wakaingia. Mimi nikakaa kwenye ngazi, nikavua ya kulia, nikapambana na zipu ya kushoto. Mung'aro, aliyekuja na pikipiki kunisindikiza, aliona akapiga goti. Akashika kisigino, akavuta kwa nguvu zake zote, na zipu ikapasuka. Soksi ilikuwa nyekundu. Ukucha ulitoka nayo.

Mung'aro aliutazama mguu wangu, yeye ambaye hana hamu ya kuona vidole vya mtu.

"Siku zote hizi?" aliniuliza. "Nawe ukimwambia zakutosha?"

"Ningemwambiaje? Alikuwa amefurahi."

"Na yeye aliamini?"

Hapo ndipo nilipopigwa na ubaridi, na jua lote lile. Maisara ni fundi. Fundi haulizi kama kiatu kinabana. Humtazama mtu anavyokanyaga akajua. Wiki tatu, kutoka dirishani, alikuwa akiniona nikichechemea. Alijua jibu kabla ya kuuliza, na bado aliuliza, siku ile, mbele ya watu wale. Nami nikamwonyesha jinsi ya kujibu, uongo kwa uongo.

"Ubaid," Ami aliita kutoka ndani. "Ingia, watu wakungoja."

Niliweza kumwona bwana harusi, amekaa mbele ya shekhe, kanzu yake nyeupe pepe, mkono tayari kwenye goti kungoja wangu. Ilikuwa hatua sita tu. Ningeingia, ningeshika mkono ule, ningesema maneno matatu, na kila mtu angekula pilau yake kwa amani. Niliogopa. Namwogopa Ami hadi leo, sioni haya kusema. Alitulisha, na nyumba ni yake, na mamangu hana kwingine.

Niliokota buti zote mbili nikageuka. Njia ilikuwa imechomwa na jua na nyayo ziliniungua, nami nikaenda hivyohivyo, peku, kanzu imeingia damu upindoni. Ami aliniita kwa jina langu. Mara ya pili aliniita kwa jina langu na la babangu. Sikugeuka, wallahi, kwa kuwa ningegeuka ningerudi.

Nyumbani wanawake walipigia vigelegele hatua zangu wakidhani mambo yamekwisha, kisha waliponiona wakanyamaza mmoja mmoja. Sasa nilikuwa peku, niliweza kuingia. Nikazitua buti mbele ya Maisara.

"Zanibana," nikasema. "Tangu siku ya kwanza. Nilikudanganya."

Maisara akatia mkono ndani ya buti ya kushoto, mkono wenye hina mpya, akapapasa hadi mbele, kama babetu alivyokuwa akipapasa. Alipoutoa vidole vilikuwa na damu.

"Nilikupima umekaa," alisema polepole. "Hilo ndilo kosa langu. Ulikuwa hujaweka uzito."

"Ubaid, una nini wewe?" mamangu aliuliza. "Watu wako msikitini."

Tulisikia hatua za Ami kwenye ngazi, nzito, akisimama kila pembe kuvuta pumzi. Maisara akajifuta mkono kwenye leso, akaweka kiganja sakafuni na kujiinua. Dhahabu zililia. Alisimama katikati ya chumba kwa miguu yote miwili, na ndipo nilipoona kwamba tangu asubuhi, labda tangu posa ile, nilikuwa sijamwona amesimama.

"Na mimi niliulizwa nimekaa," alisema. "Niulize sasa."

Ami alifika mlangoni. Nilimsikia akihema, sikumtazama. Nikamwuliza dada yangu upya, kwa jina lake na jina la babetu na jina la mwanamume aliyekuwa akimngoja.

"La," alisema Maisara.

Ami akatazama miguu yangu, kisha buti, kisha mimi. Nilisogea nikasimama baina yake na dada yangu, na vidole viliniuma vibaya.