Kazi ya Watu Wawili

Kuna kazi kwenye injini ya dizeli ambazo ukizifanya peke yako utajiona mjinga. Kubwa yao ni kutoa upepo. Mafuta yakikatika, upepo unaingia kwenye mabomba na gari haliwaki hata ulipigie magoti. Hapo mmoja anakaa kwenye usukani apige stata, mwingine anainama na spana, analegeza nati ya nozeli, povu litoke, anakaza.

Kwangu, wa kwenye usukani alikuwa mke wangu. Nikisema "Piga!" anapiga, "Acha!" anaacha, miaka yote. Mwezi uliopita alifunga mzigo wake akaenda kwa dada yake, mji wa pili. Aliniambia, "Fundi, nimechoka kuitwa ukitaka stata tu. Siku ukiwa na neno jingine, njoo unichukue."

Maneno matamu mimi nilinyimwa tangu tumboni. Lakini nyumba ilinishinda. Napika cha watu wawili, nakula nusu, naitazama nusu nyingine ikipoa. Leo asubuhi nikasema potelea mbali, namfuata.

Pikapu ikagoma. Filta yake nzima nilimfungia mteja juzi, nikairudishia ile kuukuu iliyoziba, mafuta yakakatika. Mafundi ndivyo tulivyo, magari yetu wenyewe ni aibu tupu.

Jirani hakuwepo. Wengine mtaani nimekosana nao, mdomo wangu huu. Nikapampu mafuta kwa mkono hadi kidole gumba kikafa ganzi, nikapiga stata, nikakimbilia nozeli, nikarudi. Betri ikaanza kulegea. "Piga!" nikapaza sauti bila kufikiri, na kiti cha dereva ni kitupu. Iliniuma sana.

Mwishowe nikaacha swichi imewashwa, gia huru, nikagusanisha vyuma viwili vya stata kwa bisibisi, mkono mwingine kwenye spana. Povu, povu tena, kisha dizeli safi. Nikakaza. Injini ikakohoa moshi mweupe, ikawaka. Kumbe inawezekana peke yako. Sikufurahi hata chembe.

Nikampigia simu.

"Umekosa mtu wa stata," akasema kabla sijamsalimia.

"Hapana, mama. Nimeiwasha mwenyewe. Sikiliza."

"Sasa unanitakia nini?"

"Nyumba imenishinda," nikasema. "Nimekukumbuka."

Sijui kama alijibu, ngurumo ya injini ilijaa ua mzima. Nilijua fika kwamba betri ile haitawasha mara ya pili. Nikaingiza mkono dirishani, nikazima.

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Umeizima?"

"Nimeizima nikusikie."

"Na hiyo betri yako mbovu?"

"Ndiyo basi tena."

"Jamani, Fundi," akasema. "Sasa utakuja kunichukua na nini?"