Mafuta ya Cherehani

Kuna watu wanaotoka jasho, halafu kuna yule mume wa fundi cherehani. Yule hakutoka jasho, alivuja. Kikombe kimoja cha chai, shati chapachapa. Wenzake, walinzi wa kampuni moja ya ulinzi, walimbandika jina la Bomba, na jina likaganda mpaka likaandikwa kwenye orodha ya zamu. Mwenyewe alicheka tu. Mwili ni wake, angeupeleka wapi?

Taabu ilianza alipopandishwa cheo. Walimtoa getini, wakamkabidhi bastola, wakampa kazi ya kumlinda tajiri mmoja, muuza saruji na mabati. Sasa tajiri huyo alitaka ulinzi, lakini hakutaka wateja wauone. "Ifiche," alimwambia. "Watu wakiiona watadhani nina maadui." Basi Bomba akaichomeka kiunoni, ndani ya suruali, chini ya shati, chuma juu ya ngozi kuanzia asubuhi hadi jioni. Na pale kiunoni ndipo alipovuja kuliko pote!

Kutu haikuchelewa. Mwezi wa kwanza, fundi wa silaha wa kampuni, mtu mwembamba asiye na maneno mengi, alikuta vidoa vya rangi ya chai upande uliogusa mwili. Akaonya. Mwezi wa pili akakuta vidoa vimezaana, na safari hii alifoka mbele ya watu. "Bomba, hii ni silaha au jembe? Nikikuta kutu mara ya tatu, bastola inarudi stoo na wewe unarudi getini na rungu lako."

Bomba alirudi nyumbani mnyonge. Ndani ya nyumba ile walikuwa watatu: yeye, mkewe na mama yake mzazi. Mama mtu alikuwa ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe sasa si mlinzi wa rungu, ni mlinzi wa mtu mkubwa. Kumrudisha getini kungekuwa kumvua nguo hadharani, yeye na mama yake.

Alijitahidi mwenyewe kwanza. Jioni moja mkewe alimkuta anahangaika kuifunga bastola kwa mfuko wa nailoni.

"Nini hiki tena, mume wangu?"

"Nazuia jasho."

"Unazuia jasho au unaipika? Jamani, hata mkate ukiufunga wa moto unaota ukungu. Hebu lete hapa."

Mke huyu alijua alichokuwa akisema. Chumba chake cha kushonea kilikuwa cha bati, mchana kinawaka, na mikono yake ilishika mkasi na sindano kutwa nzima. Sindano iliyoshikwa na mkono wa jasho, ukiilaza hivyo hivyo, asubuhi inachafua kitambaa cha mteja. Ndiyo maana kila jioni, kabla ya kufunga, alifuta kila kitu kwa kitambaa kikavu, kisha akapitisha tone la mafuta ya cherehani. Mkasi wake ulikuwa na miaka kumi na mmoja na hauna hata doa.

Tangu siku hiyo kazi ikawa yake. Bomba akirudi, anachomoa magazini, kile kibweta cha risasi, anahakikisha hakuna risasi iliyobaki ndani ya bastola, anazitoa zote za magazini moja moja kwenye sahani, halafu anakwenda kuoga. Mkewe anaanza. Fulana kuukuu kavu kwanza, mpaka unyevu wote uishe. Kisha mafuta, kidogo sana, kwenye kitambaa na si kwenye chuma. Kisha anafuta tena. Akamshonea na vifuko viwili, turubai upande wa mwili, pamba upande wa bastola, kimoja kivaliwe leo na kingine kianikwe. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake akitazama, akitania kwamba bastola inaogeshwa vizuri kuliko yeye.

Mwezi wa tatu fundi wa silaha aliigeuza bastola, akaigeuza tena, akaichungulia mtutu. "Nani anakusafishia?"

"Mimi mwenyewe," Bomba akajibu. Sheria ya kampuni ilikuwa moja: bastola haiguswi na mtu mwingine. Fundi akaweka sahihi. Siku hiyo Bomba aliingia nyumbani anaimba, na kuimba kwenyewe hakujui. Akambeba mkewe juu juu, mama yake akimpigia kelele kwamba atamvunja mtoto wa watu.

Ingeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri. Lakini mwanamke yule alikuwa na moyo wa kuhangaika, moyo ambao hata ukiupa raha unaitafutia kasoro. Wiki chache baadaye, akizipanga risasi kwenye sahani, aliona mbili zimeanza kuota ukijani, kama sarafu iliyokaa sana kwenye maji. Kumbe jasho lilikuwa likipenya mpaka ndani! Na yule fundi mwembamba siku atakapofungua magazini, itakuwaje?

Alizifuta. Haikumtosha. Akatafuta kopo la siagi lililokwisha, akamimina mafuta ya cherehani, akazizamisha risasi zote. Alfajiri akazitoa, akazikausha moja moja, akazirudisha kwenye sahani kabla mumewe hajaamka. Ukijani ulitoka wote. Kesho yake akafanya vilevile, na keshokutwa, ikawa ndiyo desturi. Hakumwambia. Hakuwa na nia ya kumficha, alitaka tu mtu wake aamke akute mambo yako sawa, asiwe na wasiwasi hata kidogo. Bomba aliziona zinang'aa, akafurahi, akazipanga kwenye magazini, akaenda kazini.

Hakuna aliyemwambia kwamba risasi haitaki mafuta. Angeambiwa na nani? Yeye ni fundi wa nguo.

Mchana mmoja alikuwa anapinda sketi ya shule wakati dereva wa tajiri aliposimama mlangoni bila kusema hodi. Alimtazama usoni mara moja, akauondoa mguu kwenye cherehani. Dereva alikuwa na damu kwenye mkono wa shati, na damu ile haikuwa yake.

Walizika. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Mama mkwe hakulia. Siku zote zile alikaa kwenye kiti chake, macho makavu, akiwapokea watu na kuwaambia mwanawe alikufa akiwa kazini, akiwa amesimama. Ndilo jambo pekee alilobakiwa nalo, na alilishika kwa mikono miwili.

Siku ya kumi na moja alikuja fundi wa silaha, na bahasha ya kaki yenye rambirambi ya kampuni na karatasi ya kujaza. Mwanamke akamkaribisha kiti. Mama mkwe alikuwepo.

"Shemeji, mama, poleni tena," alisema. "Nilitaka niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia mitaani. Waliingia majambazi wawili dukani. Bomba aliwahi. Aliwahi kuliko wao, tajiri mwenyewe anakiri. Alichomoa, akavuta, haikulia. Akaondoa ile risasi, akavuta tena, haikulia. Akafanya hivyo mara ya tatu. Alifanya kila nilichomfundisha."

"Bastola yenu mbovu," mama mkwe alisema.

"Hapana, mama. Miaka yote hii ya kazi, sijawahi kushika bastola safi namna ile. Risasi ndizo zilikuwa zimekufa. Zimelowa mafuta mpaka kwenye fataki, pale nyuma panapogongwa. Mafuta yakiingia pale, risasi haiwaki. Ni jambo tunalowaambia siku ya kwanza ya mafunzo." Akaitazama karatasi yake. "Ofisi inataka kuandika uzembe wa mlinzi."

"Mzembe nani?" Mama mkwe aliinuka nusu. "Mwanangu mzembe? Mtoto aliyekuwa anaweka kile kidude mezani kama yai! Nyie watu hamna haya? Amewafia, na bado mnamchafua?"

Mwanamke aliutazama mlango wa jikoni. Kopo lilikuwa palepale jikoni, juu ya rafu, nusu ya mafuta bado imo. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Marehemu hawezi kusema, na mama mkwe angegombana na ofisi mpaka achoke, kisha angesahau, au asingesahau, lakini wangekaa wawili nyumba ile wakililia jambo moja.

"Andika mimi," alisema.

Fundi wa silaha hakuelewa. Mwanamke akamweleza: ukijani, kopo la siagi, kila usiku, karibu miezi miwili. Alieleza pole pole, kama anayehesabu vipimo vya nguo, kwa sababu alijua sauti ikimponyoka hataimaliza. "Hakujua. Alidhani nazifuta tu. Yeye hana kosa. Andika hivyo."

Mtu yule aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Shemeji, nikiandika hivyo haitamsaidia. Hakuruhusiwa kumpa mtu mwingine silaha. Litabaki kosa lake, na litakuongeza na wewe." Akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni bila kuijaza. "Mimi sikusikia kitu hapa."

Lakini mama mkwe alikuwa amesikia. Hakumtazama mkwewe. Aliinuka, akashika ukuta, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Fundi wa silaha aliaga, akaiacha bahasha mezani. Hapo ndipo kilio kilipoanza kule ndani, kile ambacho mama hakukilia siku ya msiba wala makaburini. Kilikuwa kilio kibaya, cha mtu anayeng'olewa kitu.

Mwanamke akasimama mlangoni. Akaweka mkono kwenye kitasa.

"Mama."

Kilio kikakatika.

"Usiingie, mwanangu," sauti ikasema. "Leo usiingie."

Akauondoa mkono. Akakaa chini pale pale, mgongo kwenye mlango, mpaka miguu ikafa ganzi.