Kofia ya Kulalia

Wivu jamani una kazi! Mwanamke mzima, fundi cherehani anayeaminika na mtaa mzima, anafunga mlango mchana kweupe ili apake mafuta kofia ya mtoto wake wa kumzaa. Lakini tusikimbilie huko. Tuanze na mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti aliyekwisha kumaliza shule, na mtaani walimwita Kifungo. Alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha koti la mteja, na ikabidi koti lisubiri mpaka kifungo kirudi chenyewe kwa njia zake. Jina likaganda, na mama yake naye akawa Mama Kifungo.

Tangu binti huyo aote nywele za kushikika, kila Jumapili mchana alikaa mkekani katikati ya magoti ya mama yake, akapakwa mafuta, akachanwa, akasukwa. Mafuta yenyewe Mama Kifungo aliyachemsha kwa karafuu jikoni kwake, na katika kuyapaka hakuwa na mkono wa birika. Yalitiririka mpaka shingoni. Hata mwaka ule baba Kifungo alipobeba nguo zake na kwenda kumwoa msusi wa mtaa wa pili, kabati likabaki na hanga tupu, Jumapili yao haikuguswa.

Basi Kifungo akataka dredi. Na msusi wa dredi aliyesifiwa kila kona ni nani? Ni yuleyule.

"Mama," Kifungo alisema siku aliyotoka kwa baba yake, "mama mdogo kasema nywele zangu zina mafuta mno. Akizisokota zinateleza, zinafumuka. Kasema nisipake kitu kwanza mpaka zikauke."

"Zikauke? Kwani ni dagaa?"

"Kasema hakuna haja ya madawa ya dukani. Nijipake utomvu wa shubiri kichwani, nikae nao kidogo, nioshe kwa maji ya vuguvugu. Mwisho nisuuze kwa maji yenye limau kidogo tu, halafu maji matupu. Nisizishikeshike hovyo. Na kitana nikioshe, foronya niifue, maana vimelowa mafuta."

"Na mimi je, kasema nifuliwe?"

Kifungo alicheka mpaka akajishika mbavu. Mama yake hakucheka. Mama mdogo kasema, mama mdogo kasema! Mafuta ya mkono wake leo yamekuwa uchafu wa kutolewa kwa limau, kama ukoko wa sufuria? Mume alikwisha kumwachia yule mwanamke. Sasa anataka na kichwa cha mtoto?

Jumapili ilipofika, Kifungo aliosha nywele uani peke yake, akiimba. Mama Kifungo alitandika mkeka kwa mazoea, akaukalia, kisha akaukunja. Magoti yake yalikuwa matupu, na hakujua aweke wapi mikono.

Ndipo akashona kofia ya kulalia. Aliishona kwa vipande vya satini vilivyobaki kwenye gauni la bibi harusi, ndani na nje, na lastiki laini isiyoacha alama kwenye paji la uso. Alipoanza kuishona hakuwa na hila, haki ya nani. Lakini alipokata uzi wa mwisho, macho yakaenda kwenye chupa ya mafuta iliyokaa dirishani bila kazi. Akafunga mlango. Akapaka kidogo upande wa ndani, akasugua mpaka satini ikameza. Tone tu, alijiambia, mtoto asije akasahau alikotoka.

"Mama! Nzuri!" Kifungo aliivaa papo hapo, akajizungusha mbele ya kioo. "Nitalala nayo kila siku."

Na kweli alilala nayo. Na kila Kifungo alipokwenda kufua nguo zake uani, mama mtu aliichukua kofia, akaiongezea tone.

Sasa sikiliza wivu unavyomgeukia mwenyewe. Wiki zikapita, nywele zikakataa kukauka. Msusi akajaribu kusokota chache za kisogoni, zikafumuka jioni ileile. Badala ya kukata tamaa, msusi akasema Kifungo awe anakwenda kwake kila asubuhi amwoshe kwa mkono wake. Mama Kifungo, aliyetaka binti yake asikanyage kule, sasa akawa anamwona mgongo tu kila asubuhi. Akirudi, mdomo umejaa: mama mdogo kanichekesha, mama mdogo kanifundisha, mama mdogo hana mtoto ila anajua kubembeleza. Roho ikamwuma Mama Kifungo, akaongeza mafuta. Kadiri alivyoongeza ndivyo mtoto alivyochelewa kurudi.

Mwishowe Kifungo akaja na jipya. "Mama mdogo kasema labda ni maji ya huku kwetu. Nikalale kwao mpaka dredi zishike."

Cherehani ilisimama. "Ukalale?"

"Si kwa baba yangu, mama?"

Alimtazama akipanga mkoba: magauni, kanga, mswaki. Juu kabisa, kofia.

"Hiyo iache," Mama Kifungo alisema haraka. "Imechakaa. Nitakushonea nyingine."

"Imechakaa wapi? Siwezi kulala bila hii." Akaikandamiza mkobani, akafunga zipu, akaondoka.

Mama Kifungo alirudi kwenye cherehani. Vidole vya msusi vinajua mafuta kama vyake vinavyojua uzi. Akiishika kofia ile mara moja tu, basi. Atamwambia mtoto, na mtoto atakuwa amekwenda moja kwa moja. Usiku huo alishona suruali ya mteja mguu mmoja kwa ndani nje.

Alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akajifunga kanga, akaenda. Tangu aachane na mume hakuwahi kuukanyaga mlango ule. Aliwakuta barazani. Kifungo amekaa mkekani, katikati ya magoti ya yule mwanamke. Katikati ya magoti! Na kwenye kamba, imefuliwa, imegeuzwa nje ndani, kofia inaning'inia.

"Karibu dada," msusi alisema, akasimamisha mikono. Aliona Mama Kifungo anakoangalia. Akatabasamu, akamwambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Nilikuwa namweleza mwanao. Vitambaa vya siku hizi vina mambo, kiwandani wanavipaka mafuta ving'ae. Fundi hawezi kujua. Nimeifua, yamekwisha."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Angeitikia tu, "Kumbe!", akanywa maji, akarudi kwake na heshima yake. Lakini kuokolewa na yule? Amchukulie mume, amchukulie magoti, halafu amgawie na huruma? Afadhali aibu yake mwenyewe kuliko fadhila ya yule mwanamke.

"Si kiwandani," alisema. "Ni mimi. Niliipaka mafuta mimi, mara kwa mara, makusudi. Nilikuonea wivu." Akamgeukia binti yake. "Nisamehe, mwanangu."

Kifungo hakugeuza kichwa, maana nywele zilikuwa bado vidoleni mwa msusi.

"Nilijua, mama."

"Ulijua nini?"

"Tangu siku ya kwanza. Si inanuka karafuu? Inanuka Jumapili." Sauti yake ilishuka. "Dredi nazitaka, lakini nikiivua usingizi hauji. Jana mama mdogo alipoifua sikulala kabisa."

Mama Kifungo aliinua macho, akamwona msusi, mikono yake hodari imetulia juu ya kichwa kile, anaitazama kofia kwenye kamba. Sura ile ya mtu aliyeachwa aliijua. Alikuwa ameivaa yeye mwenyewe tangu mwaka ule wa hanga tupu, na kwa mara ya kwanza hakufurahi kuiona kwa mwenzake.

Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Sokota, mama mdogo wake," alisema. "Kichwa kimekauka hicho. Mimi nitamshika mkono."