Jua Lisilopungua

Swalehe Husseni wa Lisekese alipanda lori kutoka Masasi kwenda Newala akiwa na shida moja tu: kuichukua karatasi aliyoiandika kwa mkono wake miaka saba iliyopita.

Karatasi hiyo ilikuwa na shairi, beti kumi na mbili za kumsifu Liwali Bwanali, enzi zile liwali ni liwali, akikohoa baraza zima linanyamaza. Swalehe alilighani mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mtawala wa wilaya, akaondoka na kanzu mpya na kazi ya ukarani. Sasa ni mwaka 1958. Bwanali ameuzuliwa, watu wa chama cha kudai uhuru wanatembea vifua mbele, na Swalehe, bendera hufuata upepo, amepeleka gazetini Dar es Salaam habari ya kuanguka kwa liwali. Chini yake akatia na shairi jipya:

*Jogoo hana kishungi, awika juu ya jaa.*

Lilipendwa hilo, lo! Mhariri akamwandikia kwamba anataka kumfanya mwandishi wao wa Kusini, maadamu ni mtu ambaye hajapata kuwalamba watawala miguu. Swalehe aliisoma barua mara tatu, na mara ya tatu jasho likamtoka.

Alimkuta Bwanali barazani kwake, peke yake, kanzu imefubaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mzee?" Bwanali akacheka kidogo. "Zamani uliniita Jua. Karibu, mwanangu. Mama Fatu! Mletee mgeni maji."

Newala maji hayamwagwi ovyo. Hupandishwa kichwani kutoka bondeni. Wakati wa uliwali, debe la kwanza la kila alfajiri lilikuwa la Bwanali. Wanawake wa mji walilileta kwa zamu mpaka mlangoni, kabla mtoto wa mtu hajaonja. Leo mkewe, Mama Fatu, anashuka mwenyewe, na kwenye foleni ya kisima wanamweka wa mwisho. Mama Fatu alikung'uta mtungi, akaleta kata moja, akaiweka mbele ya mgeni. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka. Swalehe alikunywa yote.

"Nimekuja kuliomba lile shairi la zamani," alisema. "Nataka… kulihifadhi."

Alijiandaa kwa ubishi, na hakuna aliyembishia. Mama Fatu alilitoa sandukuni, limefungwa kwenye kitambaa cheupe, na Bwanali akampa kwa mikono miwili.

"Gazeti lako nimesomewa," alisema mzee. "Vina vimekaa. Na hayo ya debe la kwanza uliyoyaandika ni kweli, siyakanushi. Ilikuwa dhuluma. Lakini siku nilipokuwa na uwezo wa kuliacha debe lile, ulisimama mbele yangu ukaniambia mimi ni jua, nami nikakuamini. Leo sina hata kata ya maji, ndipo unaniletea ukweli. Niufanyie nini, Swalehe?"

Swalehe aliona haya, kisha akamchukia mzee kwa kumtia haya. Akaaga upesi, akaenda hadi ukingoni, pale njia ya kisimani inapoteremka bondeni, akaichana karatasi vipande vipande na kuvirusha kwenye upepo. Moyo ukatulia. Mwandishi wa Kusini!

Ndipo aliposikia wimbo. Wanawake walikuwa wakipanda na madebe kichwani, wakiimba kwa kupokezana, na maneno aliyafahamu:

*Bwanali ndiye Liwali, jua lisilopungua!*

Kila wakilitaja jua walicheka mpaka maji yakamwagika. Basi akakumbuka. Kabla ya baraza lile la Bwana Shauri aliwakusanya wanawake hawa hawa siku tatu mfululizo, akawafundisha kuitikia ubeti kwa ubeti, na aliyekosea alirudia. Alisahau kabisa. Kwa ukarani wake aliona lisilo kwenye karatasi halipo duniani.

Na mshairi yeyote aliyefunzwa hutia jina lake katika ubeti wa mwisho, asije mwingine akamwibia kazi. Swalehe alilitia, tena na jina la kwao:

*Kaditama si batili, kalamu nimeitua,*
*Ni Swalehe wa asili, Lisekese wanijua.*

Aliyetangulia, Veridiana, alimtazama usoni akasimama. "Jamani! Si yule karani aliyetufundisha? Swalehe wa asili mwenyewe!" Wakaangua kicheko. "Wimbo wako umefika mbali, baba. Hata Tandahimba wanauimba, hata kwenu Masasi sokoni. Tunamwimbia mke wa Jua kila akija kisimani."

Swalehe aliishika barua ya mhariri ndani ya mfuko, ikawa imelowa jasho.

Nyuma yake kulikuwa na mtu anataka kupita. Alikuwa Mama Fatu, debe tupu mkononi, anashuka bondeni mara ya pili siku ile. Wanawake walipomwona wakauanza wimbo upya, tangu ubeti wa kwanza.

"Nipishe, mwanangu," alisema. "Nafuata maji uliyokunywa."