Kioo Kilichompima Shangazi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vumbi juu ya futi ya kupimia. Zamani futi ile ilikuwa haibanduki shingoni mwa shangazi. Sasa ilining'inia msumarini nyuma ya mlango wa duka letu la kushona, na shingo yake ilikuwa tupu.

Kazi ya futi ilichukuliwa na kioo. Kililetwa na kijana wa kampuni, kirefu kama mlango, na jicho dogo juu yake. Mteja anasimama mbele, jicho linamtazama toka kichwani hadi miguuni, kisha chini inatoka karatasi iliyokatwa sawasawa na vipimo vya mwili wake. Mimi nikishaitandaza juu ya kitambaa, nakata.

Mwanzoni wateja walikikataa.

"Jicho hilo linaniona mpaka wapi?" aliuliza mke wa mchinjaji, amejibana kwa mtandio. "Hata mume wangu hanitazami hivyo! Na picha zangu zinalala kwa nani?"

Wenzake walicheka, wakataka wapimwe kwa mkono.

Bibi harusi mmoja aliyekuwa na haraka ndiye aliyekubali. Gauni lilimbana, zipu ikagoma njiani. Shangazi alimwomba radhi mpaka basi. Lakini kwa wasiwasi wa harusi chakula kilikuwa hakimshuki, na siku yenyewe ilipofika zipu ilipanda bila kuvutwa. Baadaye mke wa mchinjaji naye alijaribu. Gauni lake lilitoka limefura mbele.

"Mmenishonea hema?" alifoka.

Haikupita muda, tumbo likaja likalijaza.

Tangu hapo hakuna aliyeuliza habari za picha. Wengine walikuja hata kitambaa hawana. "Nipime tu, mwanangu," waliniambia kwa sauti ya chini, "karatasi inionyeshe nitakavyokuwa." Mama mmoja karatasi yake ilitoka nyembamba sana. Aliikunja, akaitia kifuani, akaondoka bila kuaga. Hatukumwona tena. Kesho yake foleni ilikuwa ndefu zaidi.

"Na wewe shangazi?" mke wa mchinjaji alimchokoza, mkono juu ya tumbo. "Unatupima sisi, mwenyewe unakimbia?"

"Nikimbie nini? Mimi nimeumbwa nikaumbika!"

Akasimama mbele ya kioo, mkono kiunoni, wateja wakampigia makofi. Karatasi ikaangukia mikononi mwangu. Niliitandaza mezani, nikalaza gauni lake la zamani juu yake. Karatasi ilikuwa ya msichana ambaye hajavunja ungo. Shangazi yangu ni mwanamke wa kujaza kiti.

Niliificha chini ya cherehani. Nikakata gauni jipya kwa kufuata la zamani.

"Mnaona?" shangazi alizunguka mbele yao siku alipolivaa. "Mwili uleule!"

Kisha gauni likaanza kupwaya. Kila alipolifua na kulianika, nililianua mimi, nikafumua pembeni, nikalipunguza kidogo, nikalipiga pasi. Alilivaa, akajipapasa mbavu, akaridhika. Sikutaka aogope. Lakini alianza kukaa chini kati ya nguo moja na nyingine, na pete yake aliihamishia kidole gumba.

Leo mke wa mchinjaji amekuja na mtoto mgongoni. Amemtazama shangazi kwa muda.

"Macho yako yameingia ndani, shangazi. Nenda hospitali."

"Kufanya nini? Mgonjwa si hukonda? Gauni hili linanikaa kama siku ya kwanza. Muulize mwanangu, ndiye aliyelishona."

Wote wakanigeukia. Mimi mbele ya watu si msemaji, na kila mara shangazi akisema hivyo mimi huitikia kwa kichwa tu, yakaisha. Asubuhi nililaza gauni juu ya ile karatasi. Vilibaki vidole viwili tu gauni lilingane nayo.

Nyuma ya wateja, jicho la kioo liliwaka kama linavyowaka likipima, na mbele yake hakuna aliyesimama.

Nikaishusha futi msumarini. Nikaifuta vumbi kwa kiganja, nikaivisha shingoni mwa shangazi. Ilining'inia chini kuliko zamani, au shingo ndiyo iliyopungua.

"Shangazi," nikasema, na wote wakasikia, "gauni nalipunguza mimi. Kila ukilianika nalipunguza. Funga duka, twende hospitali."