Nimekuachia

Mama mwenye wiki alilisema lile neno bila kusimama.

"Binti, nimekuachia kitu chini ya birika," alinong'ona alipokuwa anapita kwenye korido. Macho yake hayakuwa kwa msichana. Yalikuwa mbele, kwenye mgongo wa mumewe ambaye alishafika ngazini na taulo begani. Akaongeza mwendo, kandambili zikimpiga visigino, akamfikia mumewe na kumshika mkono kama hakuna lililosemwa.

Msichana alibaki na kitoroli chake cha mashuka. Pale kazini walimwita Taratibu, na aliyembandika jina hilo ni dobi. Si kwamba alikuwa mvivu. Alikuwa haanzi kugusa kitu chumbani mpaka asimame kwanza mlangoni, atazame kitanda, atazame meza, atazame sakafu, ajue kila kitu kimelala wapi.

"Huyu anasafisha kwa macho," dobi alikuwa akisema. "Mkono unafuata kesho."

Hata siku hiyo alisimama mlangoni kwanza. Kitanda kimevurugika. Vikombe vina masalia ya chai. Na birika la umeme, pale juu ya kaunta, limeinama kidogo upande mmoja. Akalinyanyua. Zilikuwa noti, zimekunjwa zikawa ndogo kama sabuni ya kunawia mikono iliyokaribia kwisha.

Badala ya kufurahi, aligeuka akatazama mlangoni.

Mahali pale hapakuwa hoteli hasa. Nyumba zake ziliuzwa kwa wiki. Mtu ananunua wiki yake moja ya mwaka, na kila mwaka wiki hiyo ikifika anakuja kukaa ndani ya nyumba ile ile, na kila mwaka analipa ada ya matunzo. Ndiyo maana wafanyakazi waliwaita wenye wiki. Mgeni wa hoteli akiondoka huacha chochote juu ya mto, na kila mtu anajua hiyo ni bahashishi. Lakini mwenye wiki si mgeni, yuko kwake. Na mtu akiwa kwake huweka hela yake popote anapojisikia, juu ya mto, chini ya mto, ndani ya kiatu. Utajuaje ipi umeachiwa na ipi imesahaulika?

Mrefu hata hakugusa kitu. Mrefu alikuwa anasafisha nyumba hizi hizi kabla ya Taratibu. Siku moja saa ya mwenye wiki haikuonekana. Mrefu akatolewa getini mbele ya watu, na picha yake ikabandikwa ndani ya kibanda cha mlinzi. Baadaye saa ilionekana, ilikuwa imeanguka chini ya kiti cha gari la mwenyewe. Mrefu hakuitwa tena. Picha nayo haikubanduliwa. Kila jioni Taratibu akifungua mkoba wake ili mlinzi aupekue, Mrefu alikuwa anamwangalia pale ukutani, amekodoa macho.

Na Taratibu hakuingia kazini kwa miguu yake mwenyewe. Aliingizwa na shangazi yake, aliyekuwa anaosha masufuria jikoni. Shangazi alimwambia msimamizi wa vyumba, "Huyu ni damu yangu. Akiharibu, mnitoe na mimi." Alisema huku anacheka, lakini msimamizi hakucheka. Alikuwa mwanamke mzito wa maneno, kiunoni ana pete kubwa ya funguo, wakimwita Mama Funguo, na alilolisikia halikumtoka kichwani. Kwa hiyo Taratibu akimwaga unga wake, na wa shangazi umemwagika.

Sasa afanye nini na hizi noti? Aziache? Mume wa mama yule akirudi, kitu cha kwanza atawasha birika. Na mume yule Taratibu alishamsikia. Siku waliyofika alikuwa anasugua bafu lao, mlango umerudishwa tu, nao wakadhani hayupo.

"Kila mwaka tunaondoka bila kumpa kitu msichana anayetusafishia," mama alisema. "Mimi naona aibu."

"Aibu ya nini? Ada ya matunzo tunailipia nini? Si ndiyo inayomlipa huyo huyo?"

"Ile haimfikii."

"Ulimuuliza? Ukianza kuwapa, mwakani utawakuta wamepanga foleni mlangoni. Hapa ni kwetu. Nyumbani kwako unampa mtu bahashishi?"

"Nyumbani kwetu nasafisha mimi," mama akajibu. "Na ni kweli, hujawahi kunipa."

Baba alicheka kicheko kifupi kilichokatika ghafla.  Taratibu akaacha kusugua.  Wafanyakazi walimwita yule baba Mkono wa Birika kwa sababu ya ubahili, lakini tangu siku ile Taratibu hakuliona tena jina hilo kuwa ni mzaha.

Basi akazichukua noti. Akavua kiatu, akazilaza chini ya soli ya kitambaa, akavaa, akatandika kitanda. Lakini kila alipokanyaga, lile neno lilipanda kutoka mguuni mpaka kichwani. Nimekuachia. Nimekuachia ni nimekupa? Au nimekuachia unitunzie? Jirani akikuachia mtoto, hajakupa mtoto. Akapeleka mashuka machafu kwa dobi, akarudi. Alipokuwa anafuta kioo cha bafuni aliona uso wake umekwajuka, akajiambia amtafute mama yule, amuulize mara moja tu, wazi, ni yangu au ni yako?

Hakuwahi.

"Taratibu." Mama Funguo alikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza funguo zake hazikulia. Alikuwa amezishika kwa mkono. "Ofisini. Hivyo hivyo ulivyo. Aproni usivue."

Hivyo hivyo ulivyo. Taratibu alijua maana yake. Ni kwamba usipate nafasi ya kuficha kitu.

Walipita nje ya dirisha la jikoni. Shangazi alikuwa ameinamia sufuria, mikono imezama povuni, anaimba kwa pua. Hakuinua kichwa. Taratibu alimshukuru Mungu kwa hilo, maana macho yao yangekutana angelia.

Ofisini baba mwenye wiki alikuwa amesimama, nywele bado mbichi za maji ya bwawa. Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, amejifunga kanga juu ya nguo ya kuogelea, anasokota pindo lake. Mlinzi wa getini naye alikuwa ameitwa. Alisimama mlangoni, na mlango ukafungwa nyuma ya Taratibu.

"Hela yangu ilikuwa kwenye droo," baba alianza, hakuna cha salamu wala nini. "Nimerudi kuchukua miwani nakuta imepungua. Mke wangu nimemuuliza, anasema hajui. Aliyeingia mle ndani ni huyu peke yake."

Hajui.  Taratibu alimtazama mama yule. Mama alikuwa anatazama kanga.

"Binti," Mama Funguo akasema, "umechukua kitu nyumba ile?"

Akisema hapana, watampekua, na kiatu kitasema. Akisema alipewa na mama, mama ameshasema hajui, basi atakuwa mwizi na mwongo juu yake.  Akajikaza kisabuni. Akakumbuka kwamba kuna kitu kimoja tu alichokuwa na uhakika nacho, nacho ni kile alichokisikia kwa masikio yake.

"Ninazo," akasema. "Ziko kwenye kiatu."

"Hee!" mlinzi akaropoka.

"Mmesikia!" Baba alipiga meza. "Mwizi kajitaja mwenyewe! Mimi nimesema tangu mwanzo—"

"Ngoja, baba." Mama Funguo aliinua mkono. "Nani alikuruhusu kuzishika, binti?"

"Niliambiwa, 'Nimekuachia kitu chini ya birika.' Neno ni hilo. Sikuongezewa lingine."

"Uliambiwa na nani?"

Taratibu hakujibu. Hakunyoosha kidole. Aliangalia sakafu, akahesabu mistari ya vigae ili asianguke. Lakini ofisini mle kulikuwa na watu wachache, na baba mwenye wiki hakuwa mjinga. Aligeuza shingo polepole kumwelekea mkewe.

"Uliniambia hujui."

Mama akaacha kusokota pindo. Taratibu alimwona anaivuta kanga mpaka shingoni, akaelewa jambo ambalo lilimtisha kuliko meza iliyopigwa. Mwanamke huyu, mwenye nyumba, mwenye wiki, mwenye pete tatu vidoleni, alikuwa anaogopa kama yeye. Na mtu anayeogopa anaweza kumsukuma mwenzake mtoni ili apate pa kukanyaga.

"Nilisahau," mama akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nilimwachia."

"Ulimwachia vipi? Ulimpa?"

Feni ilizunguka. Mlinzi alibadilisha mguu.

"Nilimwachia atunze," mama akasema. "Droo haina ufunguo, na sisi tunashinda bwawani. Nikaona zisikae zote mahali pamoja. Nikamwachia binti."

 Baba alimgeukia Taratibu, akamsogelea mpaka harufu ya dawa ya bwawa ikamfikia puani.

"Atunze mpaka lini? Alikuambia mpaka lini?"

 Mama yule alikuwa nyuma ya bega la mumewe, hawezi kumpa hata ishara. Akitaja siku, na mama akaulizwa akataja nyingine, wamekwisha wote wawili.

"Hakunitajia siku, baba."

"Na za kazi gani?"

"Sikuuliza. Vya watu siulizi."

"Na kwa nini kwenye kiatu?"

"Aproni ina tundu mfukoni." Ilikuwa kweli. Akaingiza kidole akalionyesha.

"Vua."

Akavua kiatu. Soksi nayo ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia, na aibu ya kidole kile ilimchoma kuliko yote. Akatoa zile noti, akampa kwa mikono miwili. Baba alizipokea kwa ncha za vidole.

"Zina joto," akasema.

"Benki ya miguu hiyo," mlinzi akanong'ona, kisha akajikohoza alipoona Mama Funguo anamtazama.

Baba alizikunjua, akazirudisha mfukoni. Alionekana kama mtu aliyekuja kupigana akakuta uwanja mtupu. Akamwambia mkewe, "Siku nyingine ukitaka kutunziwa hela, mimi nipo," akaelekea mlangoni.

"Baba, samahani." Mama Funguo hakuwa amesogea. "Huyu mlinzi nilimwita kwa sababu ya neno mwizi. Kabla hajarudi getini, naomba asikie na hili lingine."

"Lipi?"

"Kwamba binti hakuiba."

Baba alimtazama, akamtazama mlinzi.

"Hakuiba," akasema. "Lakini nitakuwa namtazama."

Alipotoka, mkewe alimfuata bila kuinua uso. Mama Funguo alingoja mpaka hatua zao zipotee, akaziachia funguo zikalia.

"Sasa niambie mimi, mwanangu. Alikupa, au alikuwekesha?"

"Sijui, mama," Taratibu akasema.  "Wallahi hata sasa sijui."

"Usije ukajua," Mama Funguo akamwambia. "Kunywa maji, urudi ukamalizie nyumba ile. Usipokwenda leo watasema unakimbia."

Alirudi. Hakukiachia kitoroli, alikishika kwa mikono yote miwili kama kipofu anavyoshika fimbo. Mama mwenye wiki alikuwa ndani, peke yake. Alikuwa amemwaga chai kitandani kwa bahati mbaya, au aliimwaga makusudi apate sababu ya kumwita mtu, hilo Taratibu hakulipeleleza. Akavua shuka lenye doa, akakung'uta lililo safi.

"Yuko mapokezi," mama akasema kwa haraka. "Mwanangu, nilikupa. Zilikuwa zako. Unajua nilikupa."

"Sasa najua, mama."

"Angejua, ningekiona cha moto mimi. Si leo. Tukifika kwetu." Akaanza kuvua pete moja, inagoma kwenye kifundo cha kidole. "Chukua hii basi. Hii ni yangu, si yake."

Taratibu aliruka nyuma, mikono akaificha mgongoni.

"Hapana! Mama, nakuomba. Ukitaka kunipa, nipe yeye akiwepo, mbele ya Mama Funguo, na useme neno lenyewe, useme nimekupa. Vinginevyo usinipe kitu. Usiniachie hata kijiko."

"Hatakubali kamwe."

"Basi, mama. Nisipewe."

Hakulisema kwa hasira. Hakuwahi kumwambia mwenye wiki maneno mengi kiasi hicho, na alipomaliza alitegemea kufokewa. Mama alimtazama tu, pete imekwama nusu ya kidole. Kisha akairudisha. Akazunguka kitanda, akashika pembe ya pili ya shuka.

"Acha nikusaidie hata hili," akasema. "Hiki kitu kwangu nakifanya kila siku."

Wakalivuta shuka, mmoja huku, mmoja kule. Mama alikuwa anajua kazi. Alikunja pembe vizuri, akaiingiza chini ya godoro kwa kiganja, hakuacha mkunjo. 

Kisha kandambili zikasikika kwenye korido. Nzito, za mwanamume, haziharakishi.

Mama aliliachia shuka kama limemchoma. Akaketi kwenye kiti cha dirishani, akashika gazeti. Taratibu akainama peke yake upande wa pili, akainyoosha ile pembe iliyokuwa imekwisha nyooshwa, akaendelea kuinyoosha, huku anasikiliza kama hatua zile zitapita au zitasimama.